Ukalimani wa Mashine: Jinsi Programu za Simu Zinavyoendeshwa Katika Tarakilishi

1.0 Utangulizi

Kwa Waafrika Mashariki wengi, tarakilishi ya kwanza waliyoishika mikononi ilikuwa simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, na tangu simu za Android za bei nafuu zilipoanza kuuzwa madukani miaka michache baadaye, simu ya mkononi imekuwa benki, gazeti, redio, kamusi na hata daftari la mwanafunzi. Waundaji wa programu nao wakawafuata watu waliko. Matokeo yake ni kwamba zipo kamusi, mikusanyiko ya methali, vitabu vya sala na mazoezi ya sarufi yaliyotungwa kwa ajili ya simu pekee, bila toleo lolote la tarakilishi ya mezani.

Hali hii inamgusa msomi wa Kiswahili kwa namna mbili. Kwanza, ipo shida ya kazi ya kila siku. Mhadhiri anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wa darasa zima kidahizo kimoja cha kamusi iliyomo simuni hana budi kuipitisha simu mkono kwa mkono. Mtafiti anayetaka kulinganisha fasili mia mbili hulazimika kuzisoma kwenye kioo kidogo na kuzinakili kwa mkono. Pili, ipo shida ya kudumu. Kazi iliyofungiwa ndani ya aina moja ya simu huwa hatarini kutoweka pamoja na simu hiyo.

Je, yawezekana programu iliyotungwa kwa ajili ya simu ikaendeshwa katika tarakilishi? Yawezekana, na kwa njia zaidi ya moja. Makala haya yanaeleza njia hizo na misingi yake. Hoja inayojengwa ni kwamba jambo hili, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, kimsingi ni suala la tafsiri. Kama ilivyo katika tafsiri yoyote, ni sharti kuuliza mfasiri ni nani, anatafsiri vipi, na itakuwaje siku atakapoacha kazi.

2.0 Mashine Mbili, Lugha Mbili

Kila tarakilishi, iwe ndogo kama simu au kubwa kama zile zinazojaza chumba, ina kichakataji, yaani sehemu inayotekeleza amri. Kichakataji hakielewi Kiswahili wala Kiingereza. Hakielewi hata zile lugha ambazo watunga programu huziandika. Kinachoelewa ni amri zake tu, zilizosimbwa kwa tarakimu 0 na 1. Hiyo ndiyo lugha yake ya kwanza, na kila ukoo wa vichakataji una lugha yake.

Koo mbili ndizo zinazohusika hapa. Ukoo wa kwanza ni x86, ulioanzia kwenye kichakataji cha 8086 kilichotolewa na kampuni ya Intel ya Marekani mwaka 1978. Huu ndio uliotawala tarakilishi za mezani na vipakatalishi kwa miongo mingi. Ukoo wa pili ni ARM, uliobuniwa katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, ambapo kichakataji cha kwanza kilifanya kazi mwaka 1985. Wasanifu wake, Sophie Wilson na Steve Furber, walitunga lugha yenye amri chache na sahili. Kwa kuwa vichakataji vya ukoo huu hula umeme kidogo, vilifaa sana kwa vifaa vinavyotegemea betri, na ndiyo maana leo takribani simu zote zinavitumia.

Tofauti ya lugha hizi mbili si ya msamiati tu. Katika ARM ya biti 64, kila amri ina urefu wa baiti 4, haizidi wala haipungui, mithili ya kipande cha shairi la tarbia chenye mizani 8. Katika x86, amri moja yaweza kuwa na baiti 1 na nyingine ikafika baiti 15, kama ambavyo katika Kiswahili "la" ni neno kamili na "hatutawaandikishia" pia ni neno kamili.

Tazama mfano mdogo. Tuseme ipo namba iliyohifadhiwa katika kumbukumbu, na mashine inatakiwa kuiongeza 1. Katika x86, amri moja yatosha: nenda mahali fulani, ongeza 1. Katika ARM, kwa kawaida huhitajika amri tatu: lete namba, iongeze 1, irudishe mahali pake. Anayetafsiri neno kwa neno hatafika mbali. Vilevile, kichakataji cha ARM cha biti 64 kina rejesta 31 za kazi za jumla, ilhali x86 ya biti 64 kwa miaka mingi imekuwa na 16. Rejesta ni kama rafu zilizo karibu na mkono wa fundi. Anayehamisha kazi kutoka karakana yenye rafu 31 hadi karakana yenye rafu 16 atalazimika kuweka vifaa vingine nje, katika kumbukumbu, na kila mara atapoteza muda akivifuata. Hii ni sababu mojawapo ya programu ya simu kwenda polepole inapoingizwa katika tarakilishi, hata kama tarakilishi yenyewe ina nguvu kuliko simu.

3.0 Mkalimani na Mfasiri

Wazo la mashine moja kujifanya nyingine ni la zamani kuliko tarakilishi zenyewe. Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba yawezekana kuwaza mashine moja ambayo, ikipewa maelezo ya mashine nyingine, itafanya kila ambacho hiyo nyingine ingefanya. Wazo hilo lilipata kazi ya kibiashara mnamo Aprili 1964, kampuni ya IBM ilipotangaza mashine zake za System/360. Wateja wengi walikuwa na programu zilizoandikwa kwa mashine za awali, hasa IBM 1401, na hawakutaka kuzitupa. IBM ikazipa baadhi ya mashine mpya uwezo wa kuziigiza zile kuukuu. Chombo cha namna hii, ambacho mafundi hukiita emyuleta, kitaitwa katika makala haya kiigizi, kwa sababu zitakazoelezwa katika sehemu ya 8.0.

Kiigizi hufanya kazi yake kwa mojawapo ya mitindo miwili, ambayo mwanafunzi yeyote aliyesoma kozi ya tafsiri ataitambua mara moja.

Mtindo wa kwanza ni ukalimani. Katika makanisa mengi ya Kenya, mhubiri husema sentensi moja kwa Kiingereza na mkalimani aliyesimama kando yake akaitoa kwa Kiswahili au kwa lugha ya eneo, kisha mhubiri akaendelea. Hakuna kinachohifadhiwa. Mhubiri akirudia sentensi ileile mara kumi, mkalimani naye ataitafsiri mara kumi. Kiigizi cha mtindo huu husoma amri moja ya ARM, kikaielewa, kikatekeleza inayolingana nayo katika x86, kisha kikasoma inayofuata. Ni mtindo mwaminifu na rahisi kuutengeneza, lakini ni wa polepole mno, kwa kuwa programu hurudia amri zilezile mara maelfu kwa maelfu.

Mtindo wa pili ni tafsiri. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari na kuichapisha mwaka 1963, msomaji hakuhitaji tena kumwita Nyerere kila alipofungua kitabu. Kazi ilifanywa mara moja, ikasomwa mara nyingi, na mwaka 1969 mfasiri akatoa toleo lililosahihishwa. Kiigizi cha mtindo huu hutafsiri sehemu ya programu, kikaihifadhi tafsiri hiyo, na kila sehemu hiyo inapohitajika tena kikaitumia bila kuanza upya. Aidha, viigizi vingine hufanya kama alivyofanya Mwalimu: sehemu inayotumika sana hurejelewa na kutafsiriwa upya kwa ubora zaidi.

Mfano maarufu wa mtindo wa pili ni QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. QEMU hugawa programu katika aya fupifupi za amri, ikatafsiri aya moja inapofikiwa, na kuiweka akiba. Kampuni ya Google iliitumia kama msingi wa kiigizi cha Android kilichotolewa kwa watunga programu mnamo Novemba 2007, ilhali simu ya kwanza ya Android haikuuzwa hadi Oktoba 2008. Kwa takribani mwaka mzima, basi, kivuli kilitembea bila mwenye kivuli. Watu walitunga programu za simu na kuziendesha katika tarakilishi kabla simu yenyewe haijaonekana dukani.

4.0 Lugha ya Mawasiliano Mapana

Kama kila programu ya Android ingekuwa imeandikwa kwa lugha ya ARM peke yake, kazi ya kiigizi ingekuwa nzito zaidi. Bahati ni kwamba waasisi wa Android walichagua njia ambayo mwanaisimujamii ataiona kuwa ya kawaida kabisa.

Mtu wa Turkana na mtu wa Kwale wanapokutana sokoni, hakuna anayemlazimisha mwenziwe kujifunza lugha yake. Wote wawili hukimbilia Kiswahili. Vivyo hivyo, programu nyingi za Android huandikwa kwa Java au, hasa tangu Google ilipoikubali rasmi mwaka 2017, kwa Kotlin. Maandishi hayo hugeuzwa kuwa msimbo wa kati, ambao si lugha ya kichakataji chochote. Ndani ya simu hukaa mashine pepe, yaani mashine isiyo na umbo, inayoufahamu msimbo huo na kuugeuza kuwa lugha ya kichakataji kilichopo. Mashine pepe ya kwanza ya Android iliitwa Dalvik, jina ambalo mtungaji wake, Dan Bornstein, alilitoa kwenye kijiji kimoja cha wavuvi nchini Iceland. Nafasi yake ilichukuliwa na ART katika toleo la Android 5.0 la mwaka 2014.

Faida ya utaratibu huu ni kubwa. Programu ya kamusi iliyoandikwa yote kwa Java haijui kama inaendeshwa na ARM au x86, wala haijali. Mradi wa Android-x86, ulioanza mwaka 2009, ulitumia faida hiyo kuufanya mfumo mzima wa Android uweze kusakinishwa moja kwa moja katika tarakilishi za kawaida.

Hata hivyo, si programu zote zinazozungumza lugha ya kati. Michezo, programu za picha, na nyingine zinazohitaji kasi kubwa huwa na sehemu zilizoandikwa moja kwa moja kwa lugha ya ARM. Sehemu hizo hazina budi kupitia kwa mfasiri. Ndiyo sababu mtu huweza kushangaa kuona kamusi ikifunguka barabara katika tarakilishi yake huku mchezo wa mpira ukikwama mlangoni.

5.0 Maneno Bila Muktadha

Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa mapema kwamba kujua maneno ya lugha mbili hakutoshi. Sharti mfasiri aujue utamaduni unaoyabeba maneno hayo. Kanuni hiyo ina ukweli wake katika mashine pia.

Programu ya simu hudhania mambo mengi kuhusu mahali ilipo. Hudhania kuwa kuna kioo kinachoguswa kwa vidole. Hudhania kuwa kuna kadi ya simu, kamera mbili, kipaza sauti, kifaa cha kutambua mahali, na vihisi vinavyojua kama simu imelazwa au imesimamishwa. Tarakilishi ya mezani haina mengi ya haya, na kiigizi hulazimika kuyabuni. Kipanya hugeuka kidole. Ishara ya vidole viwili vya kukuza picha huigizwa kwa kubonyeza kitufe cha kibodi huku kipanya kikisogezwa. Mahali alipo mtumiaji hutajwa kwa namba anazoziandika mwenyewe, hata mtu aliyeketi Eldoret aweza kuiambia programu kuwa yuko Lamu.

Udanganyifu huu mdogo una matokeo yake. Programu nyingi za benki na za kutuma fedha hukagua mahali zilipo kabla ya kufunguka, na zikigundua kuwa ziko ndani ya kiigizi hukataa kufanya kazi. Hili si kosa la kiigizi. Mwenye programu hutaka uhakika kwamba anazungumza na simu halisi ya mteja halisi, na kiigizi, kwa jina na kwa tabia, hakiwezi kumpa uhakika huo.

6.0 Njia Zinazotumika

Anayetaka kuitazama programu ya simu katika tarakilishi anaweza kufuata mojawapo ya njia tatu.

Njia ya kwanza haihitaji mkalimani hata kidogo. Simu huunganishwa na tarakilishi kwa waya, na kiwambo chake kikaakisiwa katika kioo kikubwa. Programu huendelea kuishi ndani ya simu. Tarakilishi ni kioo na kibodi tu. Chombo huria kinachojulikana sana kwa kazi hii ni scrcpy, kilichotolewa mwaka 2018, ambacho hufanya kazi mtumiaji akiisha kuruhusu katika mipangilio ya simu huduma ya wasanidi kupitia waya wa USB. Kwa mhadhiri anayetaka kuonyesha kamusi ukutani, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Haidai tarakilishi yenye nguvu, na haikataliwi kirahisi na programu.

Njia ya pili ni kiigizi kamili. Watunga programu hutumia kile kilichomo ndani ya Android Studio ya Google. Watumiaji wa kawaida, hasa wapenzi wa michezo, hutumia viigizi kama BlueStacks, ambacho kilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2011. Viigizi hivi huhitaji tarakilishi yenye kumbukumbu ya kutosha. Gigabaiti 4 huweza kukitosha kiigizi chepesi, lakini 8 au zaidi ndizo zinazoleta utulivu. Aidha, vichakataji vingi vilivyotolewa na Intel tangu mwaka 2005 na AMD tangu mwaka 2006 vina uwezo wa kuibeba mashine pepe moja kwa moja. Uwezo huu mara nyingi huwa umezimwa, na huwashwa katika mipangilio inayoonekana kabla ya mfumo endeshi kuanza. Malalamiko mengi kuhusu kiigizi kinachojikokota humalizwa kwa hatua hiyo moja.

Njia ya tatu ni ile ya lahaja za lugha moja. Msemaji wa Kimvita na msemaji wa Kiunguja hawahitaji mkalimani, bali masikilizano tu. Mfumo wa Android umejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hivyo tarakilishi inayotumia Linux yaweza kuukaribisha Android chumbani mwake bila kuigiza mashine nzima. Ndivyo inavyofanya Waydroid, iliyotolewa mwaka 2021, na ndiyo sababu mojawapo iliyoiwezesha Google kuruhusu programu nyingi za Android katika vipakatalishi vya Chromebook mwaka 2016. Kampuni ya Apple ilifuata njia inayokaribiana na hiyo mnamo Novemba 2020 ilipotoa tarakilishi za Mac zenye kichakataji cha M1. Kwa kuwa M1 ni wa ukoo wa ARM kama vichakataji vya iPhone, programu za iPhone huweza kufunguka humo bila tafsiri, mradi mwenye programu ameridhia.

Katika njia zote, tahadhari moja haina budi kutajwa. Faili la programu lililochukuliwa mahali pasipojulikana laweza kuwa limetiwa sumu, na kiigizi hakimkingi mtu asiyechunga. Nywila iliyoandikwa ndani ya kiigizi ni nywila ileile, na ikiibwa humo imeibwa kwelikweli.

7.0 Mfasiri Anapoondoka

Hadi hapa imeelezwa jinsi mambo yanavyofanya kazi. Linalobaki ni lile linalopaswa kuwashughulisha zaidi wasomi wa Kiswahili, nalo ni udumifu.

Mwaka 2021 kampuni ya Microsoft ilitangaza kuwa mfumo wake wa Windows 11 ungeweza kuendesha programu za Android bila kiigizi cha kununua wala kutafuta. Wengi waliamini kuwa ukuta kati ya simu na tarakilishi umeanguka. Mnamo Machi 2024 kampuni hiyohiyo ikatangaza kuwa huduma hiyo ingekoma, na tarehe 5 Machi 2025 ikakoma. Waliokuwa wamepanga kazi zao juu yake walilazimika kutafuta mfasiri mwingine.

Kisa cha Apple kinafundisha zaidi. Kampuni hiyo ilipohamia vichakataji vya Intel mwaka 2006, iliwapa watumiaji mfasiri wa kuendesha programu za zamani, ikamwita Rosetta. Jina hilo lilitokana na jiwe lililopatikana mwaka 1799 katika mji wa Rashid nchini Misri, lenye tangazo moja lililoandikwa kwa Kimisri cha kale, kwa hati mbili, na kwa Kigiriki. Kwa msaada wa jiwe hilo Mfaransa Champollion alifaulu mwaka 1822 kueleza jinsi hati ya kale ya Misri inavyosomwa. Jiwe la Rashid lilidumu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Rosetta ya kwanza ya Apple iliondolewa katika toleo la mfumo la mwaka 2011, miaka 5 tu baada ya kuzaliwa, na programu zilizoitegemea hazikufunguka tena katika mfumo huo mpya.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kamusi, tenzi zilizorekodiwa kwa sauti, hadithi za watoto na mazoezi ya lugha yanapowekwa ndani ya programu ya simu pekee, uhai wake hutegemea wengine kwa daraja tatu: mwenye programu asiache kuisahihisha, mwenye mfumo wa simu asibadili kanuni, na mwenye kiigizi asifunge duka. Daraja moja likivunjika, maandishi ya Kiswahili yaliyomo hubaki kama barua iliyofungwa ndani ya sanduku lisilo na ufunguo. Miaka ya 2000 zilikuwepo programu nyingi ndogo za Java kwa ajili ya simu za vibonyezo, zikiwa na methali, vitendawili na maandiko matakatifu. Simu hizo nyingi zimekwisha kutupwa. Ambaye hakuhifadhi faili za programu hizo hana cha kukipa kiigizi kikaigiza.

Lakini aliyezihifadhi anacho. Viigizi huria kama FreeJ2ME huweza kufungua programu za simu za kizazi hicho katika tarakilishi ya leo. Huko Italia, Nicola Salmoria alianzisha mwaka 1997 mradi wa MAME, wenye lengo la kuhifadhi michezo ya mashine za zamani za kumbi za burudani kwa kuandika viigizi vya mashine hizo. Kutokana na kazi hiyo, michezo ambayo mashine zake zimekwisha kuoza bado inaweza kuchezwa na kuchunguzwa. Kama watu wamejitahidi kiasi hicho kwa ajili ya michezo, hakuna sababu ya wapenzi wa Kiswahili kufanya pungufu kwa ajili ya lugha.

Hatua zenyewe si ngumu. Idara au chama cha wanafunzi, kwa idhini ya mwenye haki, chaweza kuhifadhi faili la kila programu ya Kiswahili yenye thamani, pamoja na namba ya toleo, tarehe, jina la mtungaji na maelezo ya kiigizi kilichoifungua. Afadhali kiigizi hicho kiwe huria, kwa kuwa msimbo wake waweza kunakiliwa na kutunzwa hata mtengenezaji wake akiondoka. Muhimu zaidi, mtungaji wa kamusi ya simu ashauriwe kuyaweka maandishi yake pia katika faili sahili la matini, lisilohitaji mkalimani yeyote ili lisomeke.

8.0 Suala la Istilahi

Mjadala huu hauwezi kukamilika bila kugusia majina. Baadhi ya waandishi hutohoa na kusema emyuleta. Utohozi si dhambi, na maneno kama redio, programu na intaneti yameingia kwa mlango huo. Hata hivyo, neno emyuleta halimwambii kitu msomaji asiyelijua, ilhali Kiswahili kina mzizi unaoeleza kazi yenyewe.

Mzizi huo ni iga. Kuiga ni kufanya kama mwingine. Kuigiza ni kuiga mbele ya watu, kuchukua nafasi ya mhusika na kusema kwa kinywa chake. Chombo kinachojadiliwa hapa hakiigi kwa kujifunza tu, bali husimama mahali pa simu mbele ya programu, nayo programu ikaamini. Hicho ni kitendo cha jukwaani. Neno kiigizi, basi, linabeba maana hiyo vizuri kuliko kiigaji, na linafuata njia ya uundaji iliyokwisha kuzoeleka: kuchapisha kumezaa kichapishi, kusimbua kumezaa kisimbuzi, na kung'amua kumezaa king'amuzi.

Mfano wa king'amuzi una funzo. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analogia mwishoni mwa mwaka 2012, neno hilo lilitoka katika midomo ya wataalamu likaingia sebuleni. Hakuna aliyelazimishwa kulikariri. Watu walikuwa wakikinunua kifaa, nalo jina likawa linakuja nacho. Istilahi hudumu inapofuatana na kazi. Maadamu wanafunzi wa Kiswahili hawatumii viigizi, wala hawavielezi kwa Kiswahili, orodha za istilahi zitabaki kabatini.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba programu ya simu hushindwa kufunguka katika tarakilishi kwa kuwa mashine hizo huzungumza lugha tofauti na huishi katika mazingira tofauti. Yameeleza pia kwamba kizuizi hicho huvukwa kwa kuakisi simu yenyewe, kwa ukalimani na tafsiri ya kiigizi, au kwa kutumia undugu uliopo baina ya mifumo. Mwanafunzi wa Kiswahili haingii katika uwanja huu kama mgeni. Dhana za mkalimani, mfasiri, lugha ya mawasiliano mapana, lahaja na muktadha amekwisha kufundishwa darasani.

Kwa sababu hiyohiyo, hawezi kudai kuwa jambo hili halimhusu. Maandishi ya Kiswahili yanazidi kuhamia simuni, na simu hazidumu. Kabla ya kuulizwa ni kiigizi kipi kilicho bora, ni sharti kwanza kuwe na mtu aliyeihifadhi programu ya kuigizwa. Kazi hiyo haingoji mafundi, kwani mafundi hawajui ni kamusi ipi iliyo na thamani na ni ipi iliyonakiliwa ovyo. Hilo analijua msomi wa lugha, na wakati wa kulifanya ni sasa, simu ingali inawaka.